Shujaa wa riwaya ya makuzi: tumwache Liyongo, tumtazame mwanawe

Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike mashuleni, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na maadili yetu. Aprili ya mwaka huohuo zikatolewa kwa mara ya kwanza zawadi za Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Yalikuwa mambo mawili tofauti, kila moja na sababu zake. Lakini hapa Tanga, kila nikikaa na walimu wa Kiswahili au na vijana wanaoandika, nakuta wameshayasoma kama tangazo moja: ukitaka hadithi yako ya kijana ishinde, ichapwe na ifike darasani, basi kijana wako awe mwema. Akikosea, akosee kidogo na atubu kabla sura haijaisha. Nimepitia miswada kadhaa ya vijana wa mjini hapa, wa Ngamiani mpaka Raskazone, na mingi ina maradhi hayohayo. Mhusika mkuu anaingia ukurasa wa kwanza akiwa ameshakomaa, ana majibu yote, anawashauri mpaka wazazi wake. Amebakiwa na nini cha kukua?

Naona tumelielewa jambo hili vibaya, na kutolielewa huko kutatugharimu riwaya nzuri. Shujaa wa riwaya ya makuzi, yaani riwaya inayomfuata mtoto mpaka utu uzima, hapimwi kwa wema wake wala kwa ushindi wake. Ni kijana aliyefika mahali ambapo maneno ya waliomlea yameishia, akaamua mwenyewe, kisha akakubali kwamba alichoamua ni chake na hatamsukumia mtu mwingine. Kuamua peke yake hakutoshi, kwa kuwa hata mtoto wa miaka mitano huamua kuiba sukari. Ushujaa uko kwenye kukubali. Kijana anayesema "nilifanya mimi" wakati angeweza kusema "nilitumwa" amevuka mpaka, hata kama alichokifanya ni kosa.

Kwa nini basi tunapotafuta shujaa tunatafuta malaika? Nadhani jibu la karibu kabisa liko ndani ya madaftari. Aliyesoma fasihi katika sekondari zetu anaijua notisi ya wahusika: jina la mhusika kwa herufi kubwa, chini yake sifa kwa namba za Kirumi, na mstari wa mwisho hukumu, "anafaa kuigwa na jamii" au "hafai kuigwa na jamii". Juzi nilikuwa na daftari la binti wa jirani anayejiandaa na mtihani, nikafungua alipoandika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Mzee Lomolomo, baba mlevi aliyeitelekeza nyumba, amepewa sifa zake na hukumu: hafai kuigwa na jamii. Ukurasa wa pili yuko Peter, mwanawe, aliyefukuzwa shule pamoja na dada yake Zita kwa kukosa ada na sare, akaishia mikononi mwa watu wa dawa za kulevya. Hukumu: hafai kuigwa na jamii. Chini pana vema ya kalamu nyekundu ya mwalimu. Baba aliyeibomoa nyumba na mtoto aliyeangukiwa nayo wamepata alama moja. Simlaumu binti, wala sina haja ya kumlaumu mwalimu wake, maana mtihani unakuja na notisi ndiyo inayofaulisha. Ila daftari lile limeshamfundisha kwamba mhusika ni mtu wa kupasishwa au kufelishwa, na siku akikaa kuandika riwaya yake atamuumba mtu wa kupasi.

Hata hivyo tabia hii haikuzaliwa na mtihani. Ina mizizi mirefu, tena ya heshima. Mwambao wetu una utamaduni mkubwa wa wosia: mzee anasema, mtoto anasikiliza. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, alitunga utendi wa kumwusia binti yake namna ya kuishi na Mungu, na mume na watu. Utendi ule unasomwa mpaka leo, na ndani yake mama ndiye msemaji. Binti hatumsikii. Karibu miaka mia baadaye mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui, akafuata njia hiyohiyo kwa tenzi za kuwausia wanawe. Hata alipoandika nathari, wosia haukumtoka. Katika Adili na Nduguze mhusika mkuu anaitwa Adili na ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Majina yameshamaliza kazi. Adili anaonewa, anatupwa baharini, anasamehe, na ukimkuta mwisho wa kitabu ni Adili yuleyule wa mwanzo. Sisemi kwamba ni udhaifu. Hadithi ya namna ile haikukusudia kumkuza mtu. Ilikusudia kuuweka wema na uovu kwenye mizani tuone upi unashuka, na kwa kusudi hilo Adili anatosha. Kosa linaingia tunapomchukua yeye kuwa kipimo cha kila kijana atakayeandikwa kwa Kiswahili.

Riwaya ya makuzi inaanza pale mtoto wa wosia anapofungua kinywa. Halazimiki kuupinga. Huenda akaufuata neno kwa neno, lakini anaufuata mahali ambapo mzee hakupaona, na hapo anagundua kwamba wosia una mistari mingi na mstari anaouhitaji haumo. Ndiyo maana nawaomba wanaotaka kuandika riwaya za namna hii wamwache kidogo Fumo Liyongo, wamtazame mwanawe.

Hadithi tunaijua. Liyongo, jitu la upinde na mashairi, haliuliki kwa mkuki wala mshale isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Mfalme aliyemwogopa akamshawishi mtoto wa Liyongo, akamwahidi cheo na binti yake amwoe, mradi aijue siri ya baba. Kijana akaenda, akamuuliza baba yake kinachoweza kumuua, baba akamwambia. Akarudi na sindano, akangoja baba alale. Liyongo aliamka na jeraha, akatoka na upinde wake, akafa amepiga goti kisimani, na watu wakashindwa kuteka maji siku nyingi wakidhani yu hai. Kwa vizazi tumeimba kuhusu goti lile, na ni haki yake. Lakini Liyongo anakuja akiwa kamili na anaondoka kamili. Hakuna alichojifunza. Mwenye safari ni yule kijana: mtoto wa mtu mkubwa ambaye hana jina lake mwenyewe, ameitwa kwa mara ya kwanza barazani kwa wakubwa, ameahidiwa atakuwa mtu. Usiku ule aliposimama na sindano juu ya baba aliyelala, alikuwa na muda wa kugeuka. Hatujui aliwaza nini kwa sababu utendi hauna shida na mawazo yake. Unamhitaji kama mkono wa kushika sindano. Mwisho wake ni dharau, hata alichoahidiwa hakukipata. Mwandishi wa leo akiingia katika kichwa cha yule kijana atapata riwaya. Je, atakuwa shujaa? Kwa kipimo changu, itategemea sentensi moja tu: baada ya kisima, atasema mfalme alinidanganya, au atasema nilimuua baba yangu?

Wapo wanaosema shujaa lazima ashinde, la sivyo msomaji kijana atakata tamaa. Hoja hii haihitaji muda mrefu. Wasomaji wetu wamelia na kufurahi na wahusika walioshindwa kwa miaka mingi bila kukata tamaa yoyote, na yeyote aliyekaa Mkwakwani akiishangilia Coastal Union anajua kwamba mapenzi hayafuati matokeo.

Hoja ninayoisikia zaidi ni ya maadili: kijana akisoma habari za kijana aliyekosea, atamwiga. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa. Sina ugomvi na kuchuja vitabu vya watoto. Kitabu cha mtoto wa darasa la pili na cha kijana wa kidato cha nne si kimoja, na serikali au mzazi ana haki ya kuuliza nani anasoma nini. Lakini hoja ya kuiga inachukulia kwamba kusoma ni kufuata, kana kwamba kijana hana akili kati ya jicho na mkono. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo yanayomkuta Rosa: baba aliyemlinda kwa kipigo mpaka hakujua kuzungumza na mvulana, kisha uhuru wa ghafla akiwa mbali na nyumbani, kisha wanaume, kisha kifo kwa mkono wake mwenyewe. Kama kusoma ni kuiga, nani angemaliza kitabu kile akatamani kuishi kama Rosa? Marufuku ile ilimlinda nani hasa? Nionavyo mimi, aliyekuwa na sababu ya kukiogopa ni mzazi wa aina ya Zakaria, baba yake Rosa, kwa kuwa kitabu kinamwonyesha kwamba fimbo yake ndiyo iliyomtuma mwanawe huko. Mara nyingi tunapodai tunawakinga watoto, tunajikinga sisi.

Kuna hoja nyingine iliyo na uzito, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema kipimo chako cha kijana anayeamua mwenyewe kimetoka kwa wageni. Kwetu mtu hakui peke yake, anakuzwa. Wadigo, Wazigua, Wabondei na Wasambaa wote wana namna yao ya kumvusha mtoto. Mvulana anaingia jandoni na wenzake, anatoka nao, na wale ni marika yake mpaka kaburini. Msichana anawekwa ndani, kungwi anakaa naye, anafundwa, anatolewa kwa ngoma na watu wanashuhudia. Utu uzima ni kitu anachopewa mtu na jamaa zake mbele ya macho ya watu, hajitwalii. Ukimweka kijana mmoja mbele, anapambana na wazee wake peke yake, umeandika riwaya ya watu wengine kwa lugha yetu.

Nakubali zaidi ya nusu ya maneno hayo. Miswada mingine ninayopewa ina kijana anayepigana na ukoo mzima kwa sababu tu ameona hivyo kwenye filamu, na inachekesha. Lakini waliopita jandoni na unyagoni wanajua pia kwamba mafunzo yale yana mwisho. Somo anamfunda mwali, halafu anaondoka. Hakuna kungwi aliyehamia kwenye nyumba ya ndoa. Jamaa wanampa kijana kila walicho nacho kisha wanamwachia njia, kwa hiyo desturi yenyewe inajua kwamba kuna mahali hawatamfikisha. Wala kuamua mwenyewe si kujitenga. Katika Kuli ya Adam Shafi, Rashidi ni kijana wa Unguja anayeingia kwenye kazi ya bandari, akaishia katika mgomo wa mwaka 1948. Anachokiamua yeye ni kusimama na wenzake, na gharama anailipa mwenyewe.

Niseme kwa mfano wa nyumbani, maana hapa ndipo jambo linapoonekana vizuri. Chukua kijana wa miaka 15 wa Sahare. Baba yake amefariki, analelewa na baba mdogo mwenye chombo cha kuvulia. Alipotoka jandoni aliambiwa maneno mawili akayashika: mtii aliyekulea, na usiseme uongo. Asubuhi moja chombo kinarudi na vibua na tasi wengi kuliko kawaida ya msimu. Kijana anakaa na kisu kuwapasua. Samaki wa kwanza nyama imelegea, haishikiki. Uti wa mgongo umekatika katikati na damu imevilia kandokando ya mfupa. Wa pili hivyohivyo. Aliyekulia mwambao wa Tanga hahitaji kuelezwa: wamevuliwa kwa baruti. Miaka ya nyuma milio yake ilisikika mchana kweupe, wengine walipoteza viganja, na matumbawe yaliyovunjwa huchukua miaka mingi kuota tena. Kijana anayajua yote hayo. Anajua vilevile kwamba ada yake ya shule na unga wa mama yake vimetoka kwenye chombo hicho. Siku ya pili watu wa doria wanamkuta mnadani Deep Sea, wanamwita kando, wanamuuliza samaki wale wamevuliwa wapi na kwa njia gani.

Maneno mawili ya wosia yamegongana, na hakuna mzee wa kumwambia lipi litangulie. Mwandishi wa kutafuta tuzo atamfanya aseme kweli palepale. Baba mdogo atakwenda ndani, kijana atapata mfadhili, atarudi akiwa ofisa wa uvuvi. Ni hadithi safi, na haina mtu ndani yake. Riwaya ninayotamani kuisoma ingemfanya adanganye. Anawaambia watu wa doria samaki ni wa nyavu, anarudi nyumbani, na usiku anamwambia baba mdogo: "Baba, leo nimeongopa mbele ya watu kwa ajili yako. Kesho siingii chomboni." Hana kazi nyingine. Mama yake analia, anamwita mkosefu wa adabu. Baba mdogo hamjibu, na kunyamaza kwake ni kuzito kuliko kofi. Kuanzia hapo kijana anabeba mizigo mnadani, anadharauliwa na marika zake, na kila akiwaona wale watu wa doria anavuka upande wa pili wa barabara kwa aibu ya uongo wake. Hakumwokoa yeyote. Bahari haikupona kwa ajili yake. Amekuwa mwongo, amemvunjia heshima mlezi, ameikosesha nyumba riziki. Notisi itamfelisha kwa hoja tatu zenye ushahidi kutoka kitabuni. Kwangu huyo ni shujaa, kwa kuwa kuanzia usiku ule hakuna linalompata ambalo anaweza kusema halimhusu. Na wosia hakuutupa: bado anamwita yule mtu baba, na uongo ule unamuuma kwa sababu tu aliambiwa asiseme uongo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Vipi kuhusu kijana ambaye hana cha kuamua? Peter alifukuzwa shule. Ni uamuzi gani wa kwake pale? Tunaye pia Yusuf, katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomweka rehani kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni. Amefundishwa kumwita tajiri huyo ami, na kijana mwenzake wa dukani, Khalil, ambaye naye ni rehani, anamwambia mara kwa mara kwamba yule si ami yake. Kitabu karibu chote Yusuf anapelekwa: dukani, bara na msafara, kurudi pwani. Ni mzuri wa sura na kila mtu anamtaka kwa jambo fulani, lakini hakuna anayemuuliza yeye anataka nini. Mwishoni askari wa Wajerumani wanapita wakikusanya watu kwa nguvu. Yeye amejificha, amesalimika, na wakishaondoka anakimbia kuwafuata.

Nimesikia wasomaji wenye akili wakigawanyika juu ya mbio zile. Wengine wanasema ndiyo hatua yake ya kwanza ya mtu mzima, amechagua. Wengine wanasema ametoka kwa bwana mmoja akakimbilia kwa bwana mkali zaidi. Rehani imehamia tu kwa mwenye mali mwingine. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba Gurnah amefunga kitabu mahali ambapo hawezi kushikwa. Kwa kipimo changu Yusuf amefika mlangoni. Amefanya tendo la kwanza lisilo la kutumwa, lakini kitabu kinafungwa kabla hatujajua kama atalibeba. Hilo halikipunguzii kitu. Linatuonyesha jambo ambalo wenye hoja ya umaskini wanalisema kwa haki: dunia inaweza kumnyima kijana nafasi ya kuwa shujaa, na riwaya kubwa inaweza kuandikwa juu ya kunyimwa huko. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa kuwa amebanwa basi hana lake kabisa. Anayesema hivyo anadhani anamhurumia, kumbe anamalizia kazi ya waliombana. Hata Khalil, asiye na pa kwenda, amejichagulia kutomwita Aziz ami. Ni neno moja, na analisema kila siku.

Tofauti hiyo inasaidia pia kuviona vizuri vitabu tunavyodhani tunavijua. Takadini ya Ben Hanson, inayosomwa sana mashuleni kwetu, imechukua jina la mtoto zeruzeru, na wanafunzi wanaandika kwamba shujaa ni Takadini. Lakini aliyemchukua mtoto usiku akakimbia naye, akijua mila inataka auawe, ni mama yake, Sekai. Mwenye uamuzi ni mwanamke mzima. Takadini anarithi tendo la mama, na sehemu ya kitabu inayomhusu yeye hasa inaanza pale anapotaka kuoa na kuishi kama watu wengine. Mwalimu akiwauliza wanafunzi "nani aliamua, na nani alilipa?" badala ya sifa tano na hukumu, darasa lingepiga kelele kipindi kizima. Swali la namna hiyo halihitaji mtaala mpya, na majibu yake yanaweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu ileile.

Majaji wa tuzo nao wana jambo la kufikiria, ingawa sidhani kwamba wao ndio wenye kosa. Kanuni inayotaka kazi isivunje maadili haisemi kwamba mhusika asikosee. Hapo ni sisi tunaoijazia kwa hofu. Hata hivyo mwandishi chipukizi hasomi kanuni, anasoma washindi. Akiona mara moja tu kwamba kijana mwongo wa Sahare amesimama jukwaani, atapumua. Kwa wachapishaji sina matumaini makubwa, kwa kuwa soko lao ni shule, na shule inanunua kinachopita bila maswali.

Wanaoumizwa zaidi na mtindo huu ni wahusika wa kike. Mvulana katika miswada ninayosoma anaruhusiwa walau kosa moja la utundu. Msichana haruhusiwi. Akiteleza, hasa akipata mimba, hadithi inamgeuza onyo: anafukuzwa, anakimbilia mjini, anakufa au anaambukizwa, na binti mwenzake mwema anakwenda chuo kikuu. Mtindo huo ulikuwa na sababu ya kweli. Kwa miaka mingi mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa shule, kwa hiyo mwandishi aliyemfikisha msichana hapo hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Rosa mwenyewe, ukimtazama kwa kipimo changu, ana nguvu ya kuamua mara nyingi. Alichonyimwa ni siku ya pili, siku ya kuamka akiwa na alichokifanya na kuendelea kuishi nacho. Jamii iliyomzunguka haikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo, na Kezilahabi hakutaka kutudanganya kwamba ilikuwepo.

Novemba 2021 serikali ilitoa waraka unaoruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Tumeubishania sana kama jambo la sera, bila kuona kwamba umebadilisha pia kinachowezekana katika hadithi. Leo kuna msichana anayerudi kidato cha pili akiwa amemwacha mtoto kwa bibi, anakaa na wadogo zake dawati moja, maziwa yanamlowesha shati saa nne asubuhi na anajifunika na daftari. Kungwi hakumfundisha siku hiyo, mama yake hakuipitia, na mwalimu hana uzoefu nayo. Kila asubuhi anaamua upya kama ataingia getini. Mwandishi atakayeanzia siku ya kurudi badala ya siku ya kosa atakuwa na kurasa mia mbili za kazi ambayo mwaka 1971 haikuwezekana kuandikwa.